Stakabadhi za Watoto wa Ihanja

Jumatatu, 4 Julai 1994

Siku mbaya. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye uji. Mzee Mughwai, mwenyekiti wa chama cha ushirika, aliniita ghalani. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anatazama paa. Nikajua kuna jambo.

Ghala ni tupu. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori na kuchukua alizeti mlangoni kwa mkulima, hakuna gunia linaloingia humo. Mimi Philipo, karani wa mizani kwa miaka tisa, sina cha kupima. Ndiyo maana nikaanzisha kikundi cha sanaa na kuligeuza ghala kuwa ukumbi. Nani mwingine hapa Ihanja angekuwa na akili hiyo? Hakuna.

Sasa Alphonce naye analitaka. Amepata televisheni, deki na jenereta, anataka kuonyesha video za watu wanaorushiana mateke. Mzee amesema kamati itaamua tarehe kumi na nane. Sharti lake ni moja. Matofali ya ghala lile yalibebwa na wanawake, wengine na watoto mgongoni. Atakayewafanya akina mama waingie humo wakae, ndiye atakayelipata. Kwenye onyesho letu la Pasaka Mzee alikuta watazamaji kumi na mmoja, wote wanaume, watatu wamelewa.

Nikamhakikishia kwamba akina mama watakuja. Nitawafikishia sanaa hata kama hawaitaki!

Nyumbani mke wangu Loyce kauliza kama na yeye anaweza kuja. Nikamwambia mama Edward, swali gani hilo, ukumbi ni wa akina mama wote. Ila lazima mtu abaki na watoto. Akaendelea kukoroga mlenda. Kabla sijamwoa ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo kila sherehe. Siku hizi ameacha. Sijui kwa nini.

Jumatano, 6 Julai

Siku ya kliniki. Mpango wangu ulikuwa safi. Akina mama wenye watoto wadogo wote wako zahanati, wamepanga foleni, hawawezi kukimbia. Nikakipeleka kikundi na ngoma mbili.

Chrispin, mpiga ngoma wetu, akapiga. Kwa bahati mbaya alianza wakati Magreth, kitinda mimba wa Anastasia, ananing'inia kwenye mizani ya kliniki. Mtoto akarusha miguu. Mshale ukaruka kutoka kilo sita mpaka kumi na mbili, ukarudi, ukaenda tena. Watoto wote wakaanza kulia kwa pamoja. Nesi Magdalena akatoka nje na kalamu mkononi, akasema tutafute mahali pengine pa kuua watu kwa mshtuko. Alisema na mengine. Siyaandiki.

Kabla sijaondoka niliwauliza akina mama kwa nini hawaji ghalani. Anastasia, ambaye tunamwita mama Ignas na ana mdomo yule mwanamke, akajibu kwamba alikuja Pasaka. Eti Magreth alipolia kidogo tu, mimi mwenyewe nilisimamisha mchezo na kumnyooshea fimbo mpaka akatoka, na wenzake wakamfuata. Mzee alipofika walikuwa wameshafika makwao.

Sikumbuki. Na kama nilifanya, nilikuwa nailinda sanaa.

Ijumaa, 8 Julai

Mpango wa pili: mchezo wa kunong'ona! Mtoto amelala mgongoni, mama anatazama, hakuna wa kumwamsha.

Tukafanya mazoezi. Mchezo nimeutunga mimi, unaitwa "Mnunuzi Mjanja". Una mlanguzi, wakulima wanne na hakimu. Hakimu ni mimi. Hotuba yake ya mwisho ina kurasa kumi na nne na kila ukurasa una mafunzo. Raymond, ambaye ndiye mlanguzi, alinong'ona vizuri mno hata wakulima hawakujua kwamba wameshaibiwa, wakaendelea kukaa. Obadia, mmoja wa wakulima hao, alilala akiwa amesimama. Mpango umekufa.

Jioni Alphonce kapita na baiskeli akitangaza kwamba Jumapili ni video ya bure uani kwake, akina mama waje, na watoto waje pia. Fisi yule! Wazo la watoto ni langu. Nilikuwa sijalipata bado, lakini ningelipata.

Jumapili, 10 Julai

Walijaa kwa Alphonce. Najua kwa sababu nilipita pale mara tano, katika shughuli zangu.

Lakini Mungu si Athumani. Baada ya nusu saa watoto walikuwa wameshahitimu. Mateke! Ignas, yule mkubwa wa Anastasia, ana miaka minne tu. Alimpiga teke mtoto wa mwalimu, akampiga jogoo, mwisho akampiga Alphonce mwenyewe, chini kidogo ya goti. Akina mama wakabeba watoto wao wakaondoka. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Loyce alinipa Edward nimshike kidogo, yeye amwogeshe Rahel. Edward ana miaka mitatu na hatulii. Nikaenda naye ghalani. Akapanda juu ya mizani ya magunia, akakaa kimya. Robo saa nzima! Hapo ndipo wazo liliponishukia.

Gunia lilikuwa likija, linapimwa, linapewa namba, mkulima anapewa stakabadhi, anakwenda zake mnadani bila wasiwasi. Basi na mtoto hivyo hivyo! Chumba cha mizani kiko nyuma ya ukuta wa ukumbi. Mama analeta mtoto, tunampima, tunamfungia namba mkononi kwa uzi wa katani, mama anapewa stakabadhi na kuingia kutazama. Mwisho mtoto anapimwa tena, uzito ni uleule, kila mtu anakwenda kwake. Bila stakabadhi mtoto hatoki. Kitabu cha chama kimebaki na kurasa sitini.

Loyce alisema watoto si alizeti. Halafu akauliza nani atawapokea. Nikamwambia ni mtu anayeijua mizani. Akauliza hapa Ihanja wanaoijua ni wangapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba ni mmoja tu. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona kilichochekesha.

Jumatano, 13 Julai

Nimetangaza kisimani. Akina mama wana maswali kuliko mahakama. Anastasia alikumbushia msimu wa mwaka 1989, gunia lake lilitoka nyumbani na kilo sitini na tano, likafika kwangu likasoma sitini na tatu. Anaogopa na mtoto atapunjwa. Nikamweleza kwa upole kwamba ndiyo maana tunapima kuingia na kutoka. Akasema tutaona.

Loyce kashauri chumba kiwe na mikeka, uji wa ulezi na bibi wawili wa kuwaimbia watoto. Nilimwambia huko ni kuvuruga utaratibu. Jioni, wakati naota moto, nikapata wazo langu mwenyewe: mikeka, uji wa ulezi na bibi wawili! Nikamweleza Loyce. Akasema ni wazo zuri sana. Nina mke msikivu.

Ijumaa, 15 Julai

Upepo. Bibi wa kwanza kapata mafua. Wa pili kasema haji bila mwenzake. Si kitu. Msimu wa 1986 nilipokea magunia elfu moja peke yangu.

Jumamosi, 16 Julai

Mgongo unauma. Sijui nianzie wapi.

Saa nane mchana walikuwa wameshafika. Akina mama! Foleni ilianzia mlangoni ikaishia barabarani. Nikaifuta mizani, nikafungua kitabu. Jina la mkulima: naandika la mama. Aina ya zao: mtoto. Sehemu ya daraja nilikusudia kuiacha wazi, lakini mazoea yana tabu. Magreth nikamwandikia daraja la pili kwa sababu ya makamasi. Anastasia aliisoma stakabadhi mara mbili, akaikunja vizuri. Hapo ningepaswa kuogopa.

Namba ishirini na nane na ishirini na tisa waliletwa na Loyce. Alikuwa amevaa kitenge cha harusi. Edward kilo kumi na tatu, Rahel nane. Akachukua stakabadhi zake, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akaingia ukumbini. Nikafurahi kwamba hata familia yangu inauunga mkono mpango. Mlango ulipofungwa ndipo nilipojiuliza: je, hakimu ni nani?

Watoto ishirini na tisa wakanitazama. Mmoja akaanza.

Sitaandika yote. Edward alikula namba yake. Ignas alifungua darasa la mateke. Uji uliisha mapema, mwingine ukarudi. Nikajaribu kuwasomea hotuba ya hakimu, na kweli ukurasa wa pili walilala wanane. Lakini nilipofika sehemu nzuri nikapandisha sauti, wakaamka wote wakataka kubebwa mgongoni.

Kisha nikasikia kupitia ukutani. Mahali pa hotuba yangu mtu alikuwa anaimba. Alianza peke yake, akina mama wakaitikia, halafu ukumbi mzima ukaitikia. Niliijua sauti ile. Ndiyo iliyonifanya mwaka 1987 nitume mshenga mpaka Kinyangiri kwa baba yake. Nilisimama na Rahel begani, na yeye kanyamaza, ameugusa ukuta kwa kiganja. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi mwaka huu wote. Machozi yakanilenga. Vumbi la ghala lile ni baya sana.

Wakaja kuchukua watoto. Ignas aliongezeka kilo nzima, uji huo, na mama yake hakulalamika. Magreth alipungua nusu kilo. Anastasia akapiga yowe. Philipo kapunja tena! Alianza na magunia, sasa yuko kwenye watoto! Akina mama wote wakataka wa kwao wapimwe upya. Mzee Mughwai akaingia kuuliza kama ni kweli mtoto wa mtu kapungua mikononi mwa chama. Nikaeleza kwamba alipokuja nepi ilikuwa imelowa, na mimi nilimbadilisha. Nikaileta nepi kama ushahidi. Mzee akaikubali kwa mbali.

Wakaondoka wakicheka na kuimba. Wakabaki wawili, ishirini na nane na ishirini na tisa. Loyce haonekani. Obadia akaniambia baba Edward, si uwachukue tu uende, watoto wenyewe ni wako. Nikamuuliza stakabadhi iko wapi. Nikianza kujipendelea mimi, kesho nani ataiamini mizani? Akaniangalia, akaenda zake.

Nikakaa. Nyumbani ni hatua mia mbili. Jua lilikuwa linazama Loyce alipokuja polepole, kaoga, kala, kapaka mafuta, stakabadhi zote mbili mkononi. Kasema tangu Edward azaliwe hajawahi kula ugali wa moto amekaa chini mpaka akamaliza. Nikamwambia angewahi kidogo.

Jumatatu, 18 Julai

USHINDI! Kamati imetupa ghala. Alphonce atapewa Jumanne tu, tena bila mateke. Mzee Mughwai alisema hajapata kuona akina mama wengi namna ile wamekaa mwanzo mpaka mwisho, na kwamba binti wa Kinyangiri amemkumbusha ujana wake.

Kuna marekebisho madogo. Kiongozi wa kikundi sasa ni Loyce. Hakimu hatahutubu tena, ataimba. Na mimi nimechaguliwa kwa kauli moja kuwa karani wa watoto, kila Jumamosi na kila siku ya mazoezi. Aliyenipendekeza ni Anastasia. Alisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu.

Nimetafakari sana juu ya wiki mbili hizi na nimepata fundisho. Mizani irekebishwe isome mpaka robo kilo.

Sasa hivi naandika barua kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya. Namweleza jinsi mimi, peke yangu, nilivyogundua njia ya kuwafikishia sanaa wazazi wenye watoto wadogo. Nimefika ukurasa wa nane. Basi la Singida linapita saa kumi na dereva kakubali kuichukua, lakini Rahel yuko gotini analia, amemwaga wino kwenye ukurasa wa tatu, na Edward amekimbia na bahasha. Loyce yuko mazoezini. Siwezi kutoka hivi. Nimemtuma Obadia mbio amwite mama Edward aje anishikie watoto mara moja, kuna shughuli muhimu ya kuwasaidia wazazi.

Obadia amerudi peke yake. Loyce kasema atakuja mazoezi yakiisha.

Basi limepita. Nawasikia kutoka ghalani wanaimba. Nimechukua karatasi nyingine naanza kuandika taarifa mpya, ndefu zaidi: kwa nini akina mama wa Ihanja hawana moyo na mambo ya sanaa.