Mji Mmoja, Fainali Moja, Kitanda Kimoja

Jumapili, 1 Oktoba 1944

Browns, timu yetu ya besiboli, wamefika fainali! Nilikuwa barazani namenya viazi nikasikia uwanja unanguruma, na kutoka kwangu hadi uwanjani ni mitaa miwili tu. Nikatupa kisu. Kuhlmann, jirani yangu, alikuwa tayari barabarani anagonga sufuria kwa mwiko. Kuhlmann huyu huyu aliyeniambia miaka yote kwamba Browns watafika fainali siku kuku atakapoota meno! Nikamwambia akamkague kuku wake mdomoni. Akanuna. Raha iliyoje!

Miaka arobaini na kitu timu hii haijawahi kufika huko. Na watacheza na nani? Cardinals, wa mji huu huu, uwanja huu huu! Mechi hadi saba, wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa. St. Louis nzima imepagawa. Nikacheza peke yangu hadi jikoni. Jikoni nikakumbuka chumba cha juu, nikakaa kitako.

Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Chumba cha juu kina wapangaji wawili. Wa kwanza Tuttle, mbeba masanduku ya Browns. Wa pili Garrity, mwandishi wa gazeti anayewafuata Cardinals kila waendako. Timu zote mbili zinatumia uwanja mmoja, kwa hiyo moja ikiwa nyumbani, nyingine iko safarini. Tuttle akitoka, Garrity anaingia. Mimi nabadili shuka na kuficha vitu vya mwenzake. Kila mmoja anaamini chumba ni chake peke yake. Misimu miwili hawajaonana hata kisigino! Nilijiona fundi kweli kweli.

Sasa wote watakuwa mjini wiki nzima. Kitanda ni kimoja.

Na chumba chenyewe si changu. Ni cha Irma, binti yangu, muuguzi wa hospitali ya jeshi kule Memphis. Alipoondoka nilimwahidi kwamba sitakigusa. Hajui lolote. Hapo roho inaniuma kidogo.

Jumatatu, 2 Oktoba

Simu ya maandishi kutoka Memphis. BROWNS! NAKUJA JUMATANO. UTANIPELEKA ULIVYOAHIDI. NITOLEE KADI ZANGU.

Mungu wangu. Kadi!

Irma ana kadi za mechi za miaka kumi. Kila mechi ya Browns aliyoiona tangu utotoni aliiandika kwa penseli, kila mpira, kila aliyetolewa. Nyingi tuliziona pamoja, mimi na yeye na marehemu mama yake, Klara. Tulikuwa tukitaniana: Browns wakifika fainali, tunakwenda hata kwa kutambaa. Ahadi rahisi sana kuitoa, maana nani aliwaza?

Alikuwa na sanduku zima. Nasema alikuwa. Mwezi wa pili akina mama wanaokusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya vita walipita mtaani, na Kuhlmann alikuwa na rundo kubwa kuliko langu. Akasimama kizingitini anachekelea. Ningefanyaje? Nikapanda juu, nikashuka na sanduku. Nikamshinda kwa ratili tisa. Nikapewa cheti, nimekibandika dirishani. Siku hizi nikipita pale natazama upande wa pili.

Jumanne, 3 Oktoba

Siku mbaya. Asubuhi nilimwambia Tuttle kwamba chumba kina kunguni, bora ahamie hotelini. Akasema mzee, nimelala na kunguni wa miji minane, hawa wako watanizoea. Hotelini kwenyewe hakuna hata kabati lililo wazi.

Saa tisa Garrity akaingia na begi lake. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba rangi ya chumba haijakauka. Sikupata nafasi. Tuttle alikuwa anashuka ngazi, na miguuni amevaa ndara za Garrity! Hizo hukaa ngazini, nilikuwa nasahau kuzificha. Tuttle alidhani ni zangu, amezivaa tangu mwezi wa nne.

Garrity akazitazama ndara. Akamtazama Tuttle. Akanitazama mimi. Akauliza, kwa upole mno, bwana huyu ni nani ndani ya viatu vyangu.

Nilitegemea wakamatane mashati, mimi nitoroke. Wapi! Baada ya dakika kumi walikuwa wamekaa jikoni wanakunywa bia yangu, wanacheka kama waliozaliwa tumbo moja. Wamekata shauri kulala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni kwa mwenzake, na mimi nisionekane juu. Tuttle alikuwa ameniahidi tiketi mbili za mechi ya sita. Sasa anasema atampa Irma mkononi, achague mwenyewe atakayekaa naye. Garrity akaongeza kwamba mimi ningeweza kupangisha kaburi kwa marehemu wawili.

Sijakata tamaa. Nimemwomba Tuttle kadi tupu za zamani. Nimeshinda chini ya nyumba kwenye tanuri la makaa naandika mechi za miaka kumi upya. Si kazi ngumu, karibu zote tulifungwa. Nazipaka kahawa zionekane kuukuu.

Kadi moja ilinichelewesha. Mwaka 1938 Irma alikwenda kununua soseji, akamwachia mama yake penseli. Klara hakujua alama hata moja. Akaandika kwa maneno: "Mnene kakimbia. Mnene kaanguka. Maskini, suruali." Tulicheka mwaka mzima. Nimeiandika tena neno kwa neno, nikajikuta nalia juu ya kadi ya uongo. Angalau machozi yameikunja vizuri.

Jumatano, 4 Oktoba

Nilimpokea Irma stesheni. Amekonda. Mkono umekuwa mgumu kama wa seremala. Alinikumbatia muda mrefu, nikatamani nimwambie yote pale pale. Nikamwambia viazi vimepanda bei.

Nyumbani alipanda moja kwa moja. Nikabaki chini nahesabu hatua zake. Akashuka, akasema, Baba, chumbani kwangu kuna suruali mbili, na si za kimo kimoja. Nikasema ni wageni wa vita. Akasema vita gani, vya Tuttle na Garrity? Walikuwa wamekwisha kumsimulia yote, wambea wakubwa! Nilidhani atafoka. Akasema tu amechoka, atalala kwenye kitanda changu. Ningependa angefoka. Nimelala kwenye kochi, miguu nje.

Browns wameshinda mechi ya kwanza, mbili kwa moja, tukisikiliza redio. Akanipiga kofi la mgongo kama zamani. Akauliza kadi. Nikasema kesho.

Ijumaa, 6 Oktoba

Browns wanaongoza, mechi mbili kwa moja! Garrity amenuna, Tuttle anaimba bafuni. Nyumba yote ikiwa na furaha hivyo, nikaona ndio wakati. Nikamletea Irma sanduku.

Akalifungua polepole. Akasoma moja, mbili, tatu. Akanusa. Akauliza kwa nini mwaka 1935 unanuka kahawa. Nikasema chini kuna unyevu. Akaendelea mpaka kwenye ile ya mama yake. Akaisoma yote, midomo inacheza. Nikajua nimepona.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sare yake, akatoa kadi nyingine. Ya kweli. Ya Klara mwenyewe, na doa la haradali pembeni. Kumbe aliondoka nayo, amekuwa akitembea nayo wodini miaka miwili. Akaziweka mezani sambamba. Mnene kaanguka, mnene kaanguka.

Akauliza nyingine ziko wapi. Na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, nikajibu kwamba ninamshuku Kuhlmann.

Hapo hapo Kuhlmann akagonga mlango! Kaja kumsalimia mtoto, na keki mkononi. Akasema hongera binti, baba yako ni shujaa, alinipiga kwa ratili tisa mwezi wa pili, alitoa sanduku zima. Akaonyesha cheti dirishani.

Irma akamshukuru kwa keki. Kisha akamuuliza kama ana nafasi Jumatatu, maana anazo tiketi mbili za mechi ya sita. Kuhlmann akanitazama. Nikatazama keki.

Jumapili, 8 Oktoba

Browns wamefungwa jana. Wamefungwa leo. Cardinals wanaongoza tatu kwa mbili. Kesho wakifungwa, basi.

Irma ananisalimia vizuri, anakula vizuri, ananiita Baba vizuri. Haniulizi kitu. Nimebuni njia tatu za kumzuia Kuhlmann, moja ikiwa na mafuta ya nyonyo, yale ya kuharisha. Nimemimina mafuta yenyewe kwenye sinki. Nimeona haya hata mbele ya sinki.

Laiti ningeshindwa naye kwa ratili tisa. Ningepungukiwa na nini?

Jumatatu, 9 Oktoba

Saa tatu asubuhi Irma alisimama mbele ya kochi. Akasema vaa koti, Baba. Nikauliza Kuhlmann je. Akasema Kuhlmann mwenyewe amekuja kuirudisha tiketi, amesema hawezi kukaa kwenye kiti cha mtu. Mtu wa ajabu huyu. Sijui anataka nini.

Tulikaa juu kabisa, nyuma ya nguzo. Irma akafungua kadi mpya, akachonga penseli kwa meno. Nilijitahidi nisiseme kitu. Raundi ya pili Browns wakapata alama, nikapiga kelele hadi kofia ikaanguka kwa watu wa chini. Raundi ya nne Cardinals wakapata tatu. Pembeni yetu mzee mmoja alikuwa analia waziwazi na mkewe anampa karanga.

Katika raundi ya saba Irma akanipa penseli, akasema andika wewe. Nikaandika. Kila aliyetolewa niliandika kweli, hata nilipotamani kuwapa alama moja ya bure. Nikamwambia nisamehe, mwanangu. Nilimshinda Kuhlmann nikakupoteza wewe. Akasema hujanipoteza, Baba, ila unanichosha. Kisha akaniambia kwamba wiki ijayo anapelekwa ng'ambo, walikojeruhiwa vijana. Alikuja kwa ajili ya hilo. Browns ilikuwa bahati tu.

Tatu kwa moja. Imekwisha. Cardinals mabingwa. Tulikaa mpaka wafagiaji wakatufikia. Nimeishi miaka hamsini na tisa nikingoja siku hii, na nusu ya wiki yake niliitumia kupaka karatasi kahawa.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimemsindikiza stesheni. Kwenye jukwaa la treni alinipa kadi mbili: ile ya mama yake na ya jana, yenye mwandiko wake na wangu. Alisema kule aendako kuna maji na matope, anaogopa zitapotea. Tunza hizi, Baba. Sitaki kingine. Na chumba kikae kitupu mpaka nirudi.

Nimeapa kwa jina la Klara. Irma akanifuta machozi kwa kiganja chake kigumu. Treni ilipoondoka nilikimbia nayo hadi mwisho wa jukwaa, na mgongo huu!

Tuttle na Garrity wameondoka makwao. Wamekubaliana kupanga nyumba pamoja mwakani, kwa mtu mwingine. Ndara wamezigawana, moja moja.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nyumba kimya. Nimefikiri sana, na majuto yamenifunza. Kosa langu nimeliona: ndara. Vitu vya miguuni havifai kuachwa ngazini.

Leo wamekuja watu wawili wa kiwanda cha risasi, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Wa kwanza anafanya kazi mchana, wa pili usiku. Hawajuani! Hawatakutana hata kisigino, na Irma mwenyewe angesikitika watu wa vita wakilala nje. Nimewapa chumba. Kila mmoja amekipenda, na kila mmoja nimemwambia kwamba viatu vinakaa chini ya kitanda.

Kadi mbili za Irma sikuziacha juu, wapangaji huchokonoa. Na kwenye droo je? Tuttle alikuwa akifungua droo zote. Nimezifunga vizuri ndani ya bahasha, nimeziweka mahali ambapo hakuna mtu atakayetazama: barazani, chini kabisa ya rundo la magazeti ya zamani. Nimelala kidogo mchana kwa amani, mara ya kwanza tangu fainali.

Kuhlmann ametoa rundo lake nje tangu alasiri, limefika kiunoni. Anajifanya analipanga, kumbe anataka nilione. Ameniuliza kama mgongo unaniuma, anisaidie kubeba. Hila hizo! Nimemwambia asante, sihitaji. Kesho ni Jumamosi, akina mama wa karatasi wanapita saa mbili asubuhi. Nimewaachia ujumbe mlangoni: waingie barazani wenyewe, wachukue kila kitu, wasiniamshe.