Kona Yangu Yenye Joto

Jumatano, 29 Januari

Baridi ya kukata masikio. Jumatatu ni mkutano wa mchujo wa chama, ambapo kila mtu husimama kwenye kona ya anayemtaka agombee urais, na nimeteuliwa tena kuwa nahodha wa kona ya Gavana Whitlock hapa Orvale, Iowa. Nani mwingine? Tangu nina nywele kichwani nimekuwa nahodha wa kona ya wenye akili: watu wa kati, watu wa polepole, wanaotaka chama kishinde Novemba kwanza, ndoto zifuate baadaye. Na kila mara kona yangu imenipeleka mjumbe kwenye mkutano wa kaunti. Kiti cha mbele. Beji kifuani. Sijawahi kukosa, na sitaanza mwaka huu.

Tatizo ni moja na lina jina: Ardith Vondrak. Nahodha wa Seneta Abeyta, yaani wa hao wapenda mageuzi wanaotaka kila kitu, tena wanakitaka leo kabla ya chakula cha mchana. Na ni dada mkubwa wa mke wangu. Shemeji yangu! Alifundisha muziki shuleni mpaka akastaafu, kwa hiyo nusu ya mji huu wakimwona wanasimama wima na kuvuta pumzi bila kujijua.

Leo tumekutana mkahawani. Akaniuliza mbele ya watu kama Gavana wangu ana msimamo wake, au bado anausubiri posta. Vicheko. Nikamjibu kwamba Seneta wake ataahidi hata theluji ya moto. Akacheka kuliko wote! Hilo ndilo linaloniudhi. Utamtania vipi mtu anayefurahia kutaniwa?

Halafu akaacha mzaha. Akasema hospitali ya kaunti imefunga wodi ya wazazi, na mkwewe amejifungulia ndani ya pikapu kando ya barabara, upepo ukivuma. "Shemeji, unaniambia tungoje. Haya, nimekaa. Tungoje nini?"

Nikasema tungoje kushinda, maana aliyeshindwa hafungui wodi hata moja. Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Jibu zuri, nililifikiri mwenyewe. Lakini la kwake lilikuwa zuri zaidi, na nimelirudia njia nzima nikiendesha gari kurudi nyumbani. Mwanamke huyu! Laiti angekuwa upande wetu.

Alhamisi, 30 Januari

Ushindi wa kwanza! Nimemwendea Odell Fritsche, mfugaji wa nguruwe, ambaye ndiye mwenyekiti wa mkutano. Nimemwomba kona ya ukumbi wa michezo iliyo karibu na kipasha joto. Amenipa. Ardith amebakiwa na ile ya mlangoni, penye upepo. Watu wake wataganda kama samaki wa dukani.

Nimemsimulia mke wangu Lavonne. Akaniuliza, bila kuinua macho kwenye ufumaji wake, kama watu wataingilia dirishani. Sikumwelewa. Nikamwuliza atasimama kona ipi. Akasema kura ni yake na mwiko wa jikoni ni wake, vyote viwili nisiviguse.

Nimemaliza kuandika hayo ndipo nimemwelewa. Kila atakayeingia ataanza kwa kumpa mkono Ardith! Nimerudi kwa Odell. Amesema kona zimeshagawiwa, na kwamba Ardith alishukuru sana kwa ya kwake.

Ijumaa, 31 Januari

Hapa kwetu huwezi kumsimamisha mtu kwenye kona bila kumpa mchuzi wa maharage na nyama, na huwezi kumpa mchuzi bila mkate wa mdalasini. Ndivyo tulivyolelewa shuleni, ndivyo tutakavyozikwa. Mikate ya Ardith ni maarufu hata kaunti ya jirani. Nikaamua: mwaka huu mdalasini utanukia kona yangu. Nikaoka mwenyewe. Chachu niliiweka kwa makisio ya kiume.

Mkate wa kwanza nimempa mbwa. Ameunusa kwa adabu, akauchukua mdomoni, akatoka nje na kwenda kuuzika kwenye theluji.

Alasiri nani anabisha hodi? Ardith, na trei kubwa mbili. Moja ya kona yake na moja ya kwangu! Akasema yangu niigandishe gereji mpaka Jumatatu. "Wape watu wako, shemeji. Wasije wakasimama na njaa juu ya makosa yako."

Nikashuku mtego. Nikala mmoja kwa uchunguzi. Nikala wa pili kuhakikisha. Wa tatu sina sababu yake. Siwezi kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe: hajazaliwa anayeoka hivyo. Nimemchukia kwa moyo wote huku nikilamba vidole.

Jumamosi, 1 Februari

Nimepata! Nimeamka nayo kichwani kama zawadi.

Kanuni ya mchujo ni hii. Kona isiyofikisha watu kumi na tano kwa kila mia waliomo ukumbini inavunjwa, na watu wake wanatafuta kona nyingine. Wajumbe wanagawiwa kwa kona zilizobaki. Sasa, kuna huyu Meya Coyle, mgombea mpole, ambaye kona yake, kwa hesabu yangu, haipiti watu tisa. Ikivunjwa, watu wake wote watamkimbilia Ardith. Lakini je, nikiwaazimisha watu wangu sita? Kona ya Coyle itapona, itanyakua mjumbe, na mjumbe huyo atatoka mfukoni mwa Ardith. Mimi nitabaki na wa kutosha. Watu wa kati mpo? Tupo!

Ugumu uko kwenye kuomba. Iowa hakuna mtu anayesema hapana. Ukimwomba mtu jambo, anasema sawa bwana, bila shaka, halafu humwoni tena mpaka mazishi. Merle Kopecky alisema sawa bwana nilipomwomba anisaidie kupaka rangi ghala. Ghala hilo mpaka leo linaonekana mbavu. Kwa hiyo nina hesabu yangu: ukitaka mmoja, omba watatu.

Nimezunguka mchana kutwa, mlango kwa mlango, na theluji mpaka magotini. Nimeomba kumi na wanane, kila mmoja kwa siri, kila mmoja nikimwambia yeye tu ndiye ninayemwamini. Wote wamesema sawa bwana. Safi! Kumi na wawili hawatafanya lolote. Nawajua watu wangu kama ninavyojua viatu vyangu.

Jumapili, 2 Februari

Baada ya ibada nimemwona Ardith anazungumza na watu WANGU. Mmoja mmoja, amewashika mkono, sauti ya chini. Merle alikuwa anaitikia kwa kichwa kama yuko darasani. Nimejificha kwenye makoti yaliyotundikwa nisikie. Sikusikia kitu. Nimepiga chafya. Ardith bila kugeuka amesema, "Afya, shemeji," akaendelea.

Anawaambia nini? Kama ameigundua hila yangu, nimekwisha. Lavonne anasema huenda anawasalimia tu, maana kuna watu husalimia watu. Mke wangu ni mwema, lakini siasa haziwezi.

Jumatatu, 3 Februari

Nitaandika yote.

Nilifika mapema, nikasimama karibu na kipasha joto na trei yangu. Halafu watu wakaanza kuingia, na kwa muda nilisahau hata hila. Barabara ni barafu tupu, lakini walikuja! Wafugaji wenye matope ya zizini kwenye buti. Bibi Henrietta na mtungi wake wa oksijeni, akiuvuta kama mbwa mtiifu. Mkwe wa Ardith na kale katoto ka kwenye pikapu, kamelala fofofo. Hakuna karatasi ya siri hapa kwetu. Unasimama kwa miguu yako mbele ya jirani yako, mwenye benki yako na mama mkwe wako, na kesho bado mtasalimiana. Nilijivuna mpaka vifungo vikakaza.

Lavonne aliingia, akampa mkono dada yake, akavuta kiti pale pale mlangoni penye upepo na kuanza kufuma. Kona ya Abeyta! Mke wangu wa ndoa! Nilimtazama. Alinipungia sindano.

Tulikuwa mia moja kamili. Wangu thelathini. Odell akatangaza tukae kwenye kona zetu, atahesabu. Nikakohoa mara mbili. Ndiyo ilikuwa ishara.

Merle akaondoka kwanza. Merle! Nikastaajabu na kufurahi. Wakafuata wanne, na mmoja tena. Sita! Hila imetimia. Nikafumba macho kwa raha.

Nilipoyafumbua walikuwa bado wanatoka. Wa saba, wa tisa, wa kumi na mbili. Bibi Henrietta na mtungi wake, pole pole, akinikonyeza. Nikakohoa tena kuwazuia, na waliobaki nyuma wakadhani nawahimiza, wakaongeza mwendo. Kumi na wanane wote. Hakuna hata mmoja aliyenidanganya! Sijawahi kuona jambo kama hilo Iowa.

Nahodha wa Coyle, daktari wa meno ambaye hajawahi kuwa na kona iliyotimia, alitoa kitambaa akafuta macho.

Odell akapita akigusa vichwa kwa kofia yake. Akatangaza kona ya Coyle imetimia, na kwa kanuni, iliyotimia haifunguliwi. Aliyemo yumo. Nikapiga kelele kwamba wale ni wangu, nimewaazimisha tu! Odell akaniuliza, kwa upole wa mtu anayeongea na nguruwe mgonjwa, kama nina ushahidi wa kuazimisha binadamu.

Kona yangu: kumi na wawili. Imevunjwa.

Nikabaki karibu na kipasha joto changu, nikitokwa jasho, na trei ya mikate ya adui. Kiti changu cha mbele, miaka yangu yote, kwisha. Nilitaka kwenda nyumbani. Ndipo Ardith akavuka uwanja peke yake, viatu vikigonga sakafu. Nilingoja anicheke. Ningekuwa mimi, ningecheka mpaka Pasaka.

Hakucheka. Alisema hawezi kunidanganya kwamba Gavana wangu ni mzuri, lakini kona ya Abeyta haina mtu anayezijua kanuni kama mimi. Akanitazama. "Angalau nusu ya kanuni. Njoo, shemeji. Kule kuna baridi, tunahitaji watu."

Nikavuka. Wale kumi na wawili nyuma yangu. Uwanja ule haujawahi kuwa mrefu hivyo. Wachache wa upande wake wakaanza kuguna na kunong'ona kuhusu watu vuguvugu. Ardith akapiga makofi mara moja, kama darasani. "Simameni. Nahodha anapita."

Wakasimama wote. Lavonne pia, na sufu ikamdondoka. Sijui nani alikuwa anakata vitunguu kule jikoni, lakini macho yangu yaliwasha.

Nimechaguliwa mjumbe wa akiba. Kiti cha nyuma, tena mtu akiugua tu. Beji ya Abeyta. Rangi yake inanipendeza, nasikitika kusema.

Jumanne, 4 Februari

Asubuhi kelele nje. Nimetoka na pajama. Merle Kopecky, juu ya ngazi, kwenye baridi ya kugandisha mate, anapaka rangi ghala langu! Nikamwuliza amepatwa na nini. Akasema aliniahidi, kisha Ardith akawaambia Jumapili.

Aliwaambia nini?

Ndipo Lavonne akanieleza, akimimina kahawa. Dada yake aliwaambia watu wangu kwamba Verlyn Tjaden, yaani mimi, amekikeshea chama hiki tangu ujana wake, tena bila shukrani. Kwamba wao wa mageuzi wanapiga kelele juu ya paa, lakini anayeshika ngazi ni mtu kama Verlyn. Na kwamba safari hii, akiwaomba jambo lolote, wasimpe ile sawa bwana ya kwetu. Wamfanyie. Wampe heshima yake mzee wa watu.

Nikauliza kama alijua habari ya hila. Lavonne akasema hakujua lolote, alitaka tu kunifurahisha, na kwamba nikitafuta ubaya kwenye hilo basi nikatafute pia mfupa kwenye maziwa.

Nikakaa na kikombe changu. Moyo ulijaa. Mtu umpige vita wiki nzima, naye azunguke kanisani akikusifu!

Jumamosi, 8 Februari

Nimefikiri siku nne, na sasa naona wazi. Lavonne hajui siasa. Haikuwa wema. Ilikuwa SILAHA! Ardith aliniangusha kwa sifa tupu, bila kunigusa. Hila safi kuliko zote nilizowahi kuona. Mwanamke bingwa!

Basi dawa ya moto ni moto. Leo nimeanza. Nimeingia mkahawani nikatangaza kwamba Ardith Vondrak ndiye mwenye kichwa bora katika kaunti hii. Dukani nimesimulia wodi na pikapu mpaka muuzaji akaacha kuhesabu chenji. Kwa Odell nimesema pale zizini kwamba hakuna atakayeongoza kaunti vizuri kama yeye. Kwa daktari wa meno nimesema hivyo hivyo, mdomo ukiwa wazi.

Inafanya kazi! Kila niliyemwambia amekubali. Jioni Odell amepiga simu kwamba wanataka kumpendekeza awe mwenyekiti wa chama kaunti nzima, na kama mimi niko tayari kutoa hotuba ya kumpendekeza. Nimesema sawa bwana, na safari hii namaanisha. Hotuba nimeshaiandika. Ni ndefu, kila neno lake ni kweli, na Lavonne alipoisoma alinibusu kipara.

Maskini Ardith. Hajui kinachomjia.