Filimbi ya Shemeji

Jumatatu, 2 Machi

Timu ya taifa inacheza ugenini Jumamosi, na safari hii mashabiki tutakuwepo. Amethibitisha Mwenyekiti wa tawi letu, mkunga mstaafu, akiwa amesimama juu ya benchi la wateja kwenye kibanda changu cha kinyozi, kwa kuwa tawi halina ofisi. Viongozi wa shirikisho wanakwenda kwa ndege. Wachezaji pia, kama viti vitabaki. Sisi kwa basi.

Hatujafunga bao ugenini kwa miaka tisa. Hili Mwenyekiti hakulisema. Hakukuwa na haja.

Kisha akatangaza kwamba filimbi ya kuongoza shangwe itabaki kwa Shemeji. Makofi. Shemeji ni kaka wa mke wangu, ana bucha na kifua kama kabati. Kiongozi wa shangwe husimama juu ya kreti la soda mbele ya mashabiki wote, na kamera ya televisheni huelekezwa hapo hapo. Siku za mechi Mama Mkwe huwaita majirani, huwasha televisheni na kutangaza kuwa anayeongoza taifa ni mwanawe.

Mimi ananiita "yule kinyozi". Miaka minane ya ndoa! Marehemu mumewe nimemnyoa bure mpaka mwisho. Yule kinyozi.

Uamuzi: Jumamosi juu ya kreti nitakuwa mimi. Akiniona kwenye televisheni ataniita mwanangu. Siombi zaidi.

Jumanne, 3 Machi

Mbinu ya kwanza imefeli. Chanzo cha habari: koo langu.

Nia ilikuwa kuiua sauti ya Shemeji kabla hatujafika. Kwenye basi nikakaa naye kiti kimoja. Nikafungua dirisha, upepo umpige yeye. Nikaanzisha ubishi kama kocha apange washambuliaji wawili au, kama kawaida yake, asipange hata mmoja. Nilitegemea apayuke.

Sikukumbuka kwamba mtu huyu anashinda kutwa akipiga kelele juu ya msumeno wa mifupa. Kwake ule ulikuwa mnong'ono. Alinijibu kila hoja, akala mayai yake ya kuchemsha, akalala. Tulipofika mpakani mimi nilikuwa bubu.

Afisa akauliza tunakwenda kufanya nini. Mwenyekiti akasema kushangilia. Akauliza timu gani. Akatajiwa. Akamwita mwenzake atoke ndani aje atuone. Baada ya hapo walitugongea mihuri kwa upole sana, kama watu wanaokwenda mazikoni.

Zamu yangu sauti haikutoka. Shemeji akanijibia: jina, umri, kazi. Kwenye kazi alisema mimi ni msaidizi wake. Afisa akaandika hivyo. Niko nchi ya watu kihalali kama mpasua nyama.

Alhamisi, 5 Machi

Umeme wa gesti hukatika bila taarifa. Amenieleza mhudumu wa mapokezi, baadaye.

Sauti imerudi kidogo. Mbinu ya pili: kura. Nilikuja na mashine yangu ya kunyolea. Nikatangaza kwamba kila shabiki atachorwa nyota ya taifa kisogoni, bure, na nikaongeza kwa sauti ya chini kwamba wanaojali sanaa waseme neno zuri kwa Mwenyekiti kuhusu filimbi. Wa kwanza kukaa alikuwa mpiga ngoma. Nilimchagua kwa makusudi. Anakopiga yeye ndiko tawi linakoelekea.

Nyota ina ncha tano. Umeme ulikatika nikiwa kwenye ya pili.

Mpiga ngoma ni mtu mpole, akasema atangoja. Kisha akaona njaa, akatoka kwenda kununua mkate na kile kichwa. Amerudi ameulizwa na wenyeji kama inauma, na kama inaambukiza.

Shemeji hakucheka. Alitumwa na shetani gani sijui, lakini alitoa wembe mpya mfukoni, akamkalisha mpiga ngoma kwenye mwanga wa dirisha, akamnyoa kichwa chote kwa mkono. Hakumkata hata mara moja. Kichwa kinang'aa kama sufuria jipya. Watu watatu wakapanga foleni hapo hapo.

Kwake. Si kwangu.

Ijumaa, 6 Machi

Filimbi ni yangu! Ameikabidhi Shemeji mwenyewe, kwa hiari, kwenye kibaraza cha gesti, baada ya chai.

Mbinu ya tatu sikuitumia hata kidogo, na ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimwendee Mwenyekiti nikiwa na huzuni usoni, nimweleze habari za moyo wa Shemeji na onyo la daktari. Nilikuwa bado naipanga huzuni yenyewe pale Shemeji alipoivua filimbi shingoni.

"Unaitaka? Chukua. Lakini ukishapanda kreti, shemeji, hushuki mpaka mpira uishe."

Nikaichukua kabla hajabadili mawazo. Sikuuliza kwa nini.

Mwenyekiti akanisomea sheria ya tawi. Kiongozi wa shangwe huwatazama mashabiki. Hageuki nyuma kutazama uwanja, liwe liwalo. Aliwahi kugeuka mmoja, tukafungwa mawili kabla hajageuka tena. Akaniuliza kama nimeelewa kazi hii ilivyo. Nilisema ndiyo akiwa bado hajamaliza kuuliza.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia kesho saa kumi Mama awe mbele ya televisheni, na majirani aite wengi kuliko kawaida. Akaniuliza kama nina hakika. Swali la ajabu kutoka kwa mke.

Jumamosi, 7 Machi

Tumefungwa manne kwa moja. Kwa mujibu wa ubao wa matokeo, ambao ulikuwa nyuma yangu.

Kipindi cha kwanza nilitazama nyuso. Kinyozi huwazoea watu kwa visogo. Nyuso za pamoja namna ile ni kitu kipya kwangu. Mikono kichwani: tumefungwa. Mikono kichwani tena. Mara ya tatu hawakuinyanyua hata mikono, wakanitazama tu. Nikapuliza filimbi kwa nguvu zaidi. Nikaamuru simu zote ziingie mifukoni, maana mkono wenye simu haupigi makofi. Wakatii. Nidhamu ya juu kabisa. Nilijua kamera inaiona.

Kipindi cha pili, nyuso zikafanya jambo nisilolijua. Shemeji alikuwa safu ya mbele, mdomo wazi, machozi yanamtiririka. Nikadhani ameumwa na nyuki. Kisha tawi zima likanijia mbio.

Nikajua wamechoka na mimi. Nikaanguka kutoka kwenye kreti, nikapuliza filimbi nikiwa chini, nikawaamuru wakae, kila mtu mahali pake. Mpiga ngoma akaninyanyua akanibusu paji la uso. Mwenyekiti, aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, alikuwa analia kama wale aliowazalisha.

Bao.

Nimekusanya maelezo. Ilikuwa kona yetu. Beki wetu namba tatu aligeuza mgongo kuukwepa mpira usimpige usoni, ukampiga kisogoni, ukaingia. Naye hakuuona. Kwa hiyo uwanja mzima tulikuwa wawili tusioliona.

Nimeomba picha ya simu. Hakuna aliyepiga. Simu zilikuwa mifukoni, kwa amri. Nimekaa mbele ya televisheni ya gesti. Kituo cha wenyeji kimeonyesha mabao yao manne kutoka kila pembe, kisha utabiri wa hali ya hewa.

Nilimkuta Shemeji ngazini, macho bado mekundu. Nikamwuliza kama alijua anachonipa. Akasema alijua.

"Miaka yote hii naongoza watu, shemeji. Leo ndiyo nimeangalia mpira."

Akanishika mkono. Nikauacha hapo kwa muda unaofaa.

Jumapili, 8 Machi

Mama Mkwe aliitazama mechi yote. Habari hizi ni za mke wangu, kwa simu, basi likiwa linasubiri mpakani.

Majirani walijaa mpaka mlangoni. Lilipoingia bao kamera iliwahamia mashabiki. Mama Mkwe akasimama. Miaka yote mwanawe akiongoza, alichowahi kuonyeshwa ni mgongo tu, naye alikuwa anaupungia mkono hivyo hivyo. Jana kwa mara ya kwanza kauona uso wake, tena unalia kwa furaha, tena umejaa kioo kizima. Isipokuwa katikati ya kioo kulikuwa na mtu.

Nikamwomba mke wangu anipe maneno ya Mama kama alivyoyasema, asipunguze. Kisha akayatoa.

"Nani huyo mpumbavu anamziba mwanangu?"

Majirani walisema hawamjui. Mke wangu naye alinyamaza. Anasema ni kwa heshima yangu.

Afisa wa mpakani alikuwa yule yule. Ameuliza matokeo, akampongeza Shemeji kwa bao, akanirudishia pasi yangu na kuniambia nimsikilize bosi wangu.

Jumatatu, 9 Machi

Filimbi haina mwombaji mwingine. Ametangaza Mwenyekiti asubuhi hii, juu ya benchi langu, akitazama huku na huko kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Shemeji ameikataa hadharani. Anataka kiti cha mbele, na karanga.

Nimenyoosha mkono kuipokea. Mwenyekiti akaniuliza, polepole, kama anavyomwuliza mama mjamzito, kama safari hii nimeielewa kazi. Nimeielewa vizuri sana. Tatizo halikuwa kreti. Tatizo ni kwamba mgongo wangu haukuwa na maelezo.

Nimepita kwa mchapishaji wa fulana. Anaweza kuweka uso wangu mgongoni, mkubwa, wa rangi, wenye tabasamu, na chini yake maneno MKWE WAKO kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa uwanja. Anataka picha kabla ya Jumatano. Marudiano ni Jumamosi, tarehe 14, saa kumi jioni, uwanja wa nyumbani.