Malalamiko Kuhusu Kipa Wetu Kuapishwa Mwezi Novemba

Pelkola, Minnesota
Oktoba, siku ya theluji ya kwanza

Kwa Mkuu wa Udahili,
Chuo cha Harrowby, Vermont.

Mheshimiwa Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wanaokusaidia kusoma maombi ya watoto wa watu. Mimi ni Dale Lahti, fundi mitambo katika mgodi wa chuma, baba wa Britta, kipa wa timu ya hoki ya barafuni ya shule yetu. Britta anataka kuomba chuo chako kwa ule utaratibu wenu wa mapema: anaapa mwezi Novemba kwamba anawataka ninyi tu, na mkimkubali amefungwa, hana ruhusa ya kutupa jicho kwingine. Sina ugomvi na chuo. Nina mashaka machache tu, nayo nimeyapa namba ili usipate taabu.

1. Kuhusu Novemba. Huku kwetu, Novemba hakuna mwenye akili anayekanyaga ziwa. Barafu ipo, tena inang'aa, na kila mwaka kuna mjinga mmoja anayeiamini, pikapu yake ikatumbukia majini, ikavutwa kwa winchi huku watu wakimpigia makofi. Sisi hutoboa, tukapima unene, ndipo tukapita. Ninyi mnamtaka mtoto wa miaka kumi na saba aape mwezi huo huo. Naomba kiapo kisogezwe hadi mwishoni mwa Januari, wakati hata lori huwa linapita.

2. Kuhusu kocha. Kocha wenu alikuja kwetu kiangazi, akala supu ya mke wangu bakuli mbili, akasema, "Mzee, huyu binti ni ukuta! Akiomba mapema, mimi mwenyewe nitamsemea." Nikamuuliza, "Na mwakani ukipata kazi yenye mshahara mnono zaidi?" Akacheka, akaomba mkate. Kicheko si jibu. Kama binti yangu anafungwa, kocha naye afungwe, pamoja na mkewe, asihame mji mpaka Britta ahitimu.

3. Kuhusu makipa. Nimesikia mnao wawili tayari. Sisi tunaye mmoja. Mwenye wawili anakuja kumchukua wa mwenye mmoja, amweke benchi, na jambo hilo linaitwa elimu. Nashauri tubadilishane: mkimchukua Britta, tuleteeni mmoja wa hao. Atalala chumba cha Britta na atakula vizuri. Asiwe mwoga wa baridi, na awe mtu wa kucheka mezani, maana tumezoea hivyo.

4. Kuhusu umbali. Ni siku mbili kwa gari. Nimeitazama ramani kwa kila upande, haifupiki. Kwa hiyo njia nyepesi kwetu sote ni chuo kihamie hapa. Shule yetu ya zamani ni tupu, paa linavuja upande mmoja tu, na vitabu vyenu tutaviweka kwenye ghala la chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, pakavu kabisa. Wanafunzi wengine mnaweza kuja nao, hatuna neno.

Mke wangu Lorna amesoma mpaka hapa, akasema, "Dale, wewe unaogopa nyumba kuwa kimya, basi. Mwache mtoto aende." Nimeyaandika maneno yake ili uone kwamba hata humu ndani wamo wasioelewa hoja. Kimya chenyewe kweli sikipendi. Lakini hilo si lalamiko, ndiyo maana sikulipatia namba.

Nangoja majibu kwa subira. Nisalimie kocha, wapishi wa bwalo, na makipa wote wawili, hasa yule atakayekubali kuja.

Ni mimi, mzazi mwenye mashaka asiye na ugomvi,
Dale Lahti

Nyongeza: Nilipokuwa nje nikiondoa theluji mlangoni, Britta ameikuta barua hii mezani akaisoma yote. Nilitegemea aniambie, "Baba, umechizika!" Badala yake amesema, "Sawa, Baba. Siombi huko tena. Nitasoma hapa karibu, nilale nyumbani." Kisha akaenda chumbani akafunga mlango taratibu. Tangu azaliwe, mtoto huyu hajawahi kufunga mlango taratibu. Basi nimeshinda hoja zote nne. Nimegonga, nikamwambia nilikuwa natania. Amejibu, "Hapana, Baba, umesema kweli." Ningeichana barua hii, lakini akikaa kimya mtadhani hakuwataka. Anawataka. Naituma ili mjue ni nani aliyemzuia. Kocha ampigie simu mara tu mkiipata. Akisema baba yake hawezi kuachwa, msimsikilize. Ni kweli, lakini msimsikilize.