Mjapani wa Kahiga

Mkahawa wa Kijapani ulipofunguliwa mjini Nyeri, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo, watu wengi walipita chini yake, wakatazama juu, kisha wakaenda zao kula githeri. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mle ndani samaki huliwa mbichi, tena kwa vijiti, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuaibika mbele ya jirani. Kahiga peke yake alisimama chini ya lile bango akatabasamu. Kwa mtu wa kazi yake, mahali ambapo watu hawajui la kufanya ni shamba lililokwisha kulimwa.

Kazi yake ilikuwa maneno. Kule Kiriaini aliwahi kumuuzia mtu ng'ombe wa mtu huyo huyo, naye akamshukuru kwa kumpunguzia bei. Mali yake yote ilikuwa suti moja ya kijivu na gari dogo jeupe, ambalo alilipenda kuliko jamaa zake.

Kwanza alipanda Mweiga kumwona Watiri, mjane aliyefuga samaki aina ya trauti katika mabwawa ya maji baridi yatokayo Nyandarua. Alimweleza kwamba mwenye mkahawa ni mzee wa Kijapani, na kwamba yeye Kahiga, baada ya kuishi Osaka miaka mingi, ndiye wakala wake. Mzee alitaka samaki wa kupeleka kwao kwa ndege. Mama alete maboksi kadhaa ya kuonja, ayapakie barafu, na waonane mkahawani kwa chakula cha mchana. Watiri alikuwa mcha Mungu, lakini faida nayo aliipenda. Alipoombwa asiwaambie wafugaji wenzake, alikubali kabla ombi halijaisha.

Kisha Kahiga akashuka mjini kwa Nekoye, mwenye mkahawa hasa, mama wa Bungoma aliyejifunza mapishi hayo akimsaidia mpishi wa Kijapani katika hoteli moja ya Nairobi. Kwake Kahiga alijitambulisha kama meneja wa tajiri wa samaki. Tajiri huyo angependa kuonja mapishi kabla ya kuuza, na bila shaka mwenyeji mwema hamlipishi mgeni wa namna hiyo. Jambo moja tu: tajiri mwenyewe, mama mmoja wa Mweiga, masikio yake yalikuwa yamekufa, na kumsemesha kulimpandisha presha. Yote yapitie kwa meneja.

Siku ilipofika, Watiri aliegesha pikapu yake nyuma ya jengo, akapanda ngazi akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Naye alikuwa ameonywa kwamba kwa Wajapani, mgeni akizungumza biashara kabla mzee hajafika, bahati inakimbia. Kwa hiyo wanawake wale wawili walisalimiana kwa vichwa, wakatabasamiana, na Kahiga akaketi katikati yao kama daraja linalotoza ushuru.

Chakula kililetwa: wali uliofungwa kwa mwani, samaki aliyekatwa vipande vyembamba, na kando ya kila sahani donge dogo la kijani. Watiri alilitazama donge lile, akamwinamia Kahiga.

"Na hii ni nini?"

Kahiga hakuwa amewahi kuliona. Lakini mtu wa Osaka hababaiki mbele ya sahani. Akanong'ona kwamba ni avokado ya Kijapani, hupondwa kama mukimo, akalichota donge zima akaliweka mdomoni.

Donge lile lilikuwa wasabi, kiungo kikali cha Kijapani, na wasabi haina haraka. Hungoja sekunde moja, kisha huingia puani kama moto uliotumwa na adui. Macho ya Kahiga yalijaa. Alijitahidi kueleza kwamba Osaka mgeni hulia ili kumheshimu mpishi, lakini pua ilikataa kushiriki katika uongo huo. Aliinuka na kukimbilia sinki la msalani.

Wanawake wakabaki peke yao. Watiri alimhurumia wakala, na kwa kumhurumia akasahau masharti.

"Mjapani mwenyewe atafika saa ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nekoye alishtuka, maana yule aliyedaiwa kuwa kiziwi alikuwa akimnong'oneza. "Mama, kwani wewe unasikia?"

"Nasikia vizuri sana. Mjapani ako wapi?"

"Mjapani gani? Hii hoteli ni yangu."

Maji yaliendelea kumwagika msalani kwa muda, nao wakaunganisha mambo kipande kwa kipande. Nekoye alitaka polisi waitwe. Watiri alitafakari, akasema polisi wangewashika samaki pia kama ushahidi, nao wangeoza kabla ya kesi kutajwa. Afadhali mtu aachwe ale. Hapo hapo wakapatana wenyewe, mfugaji na mpishi, bila wakala, na kila mmoja akaona bei ni nzuri.

Kahiga alirudi na macho mekundu, akakuta tabasamu zile zile. Nekoye akamwongezea sahani, kisha nyingine, na kadiri alivyoheshimiwa ndivyo alivyozidi kuisimulia Osaka: mito yake, treni zake, na wazee waliomwita mwanangu. Wakati huo Nehemiah, msaidizi wa Nekoye jikoni, alikuwa nyuma ya jengo, akihamisha samaki kwenda friza na kujaza maboksi majani ya kabichi na barafu.

Baada ya chai, Kahiga alitoka kidogo na simu, akarudi na habari kwamba mzee amekwama Nanyuki na anataka maboksi yafike sasa hivi. Watiri alilalamika kwamba mgongo haumruhusu kuendesha mpaka huko. Isitoshe, akasema, kuyahamishia kwenye lile gari jeupe kungelinukisha samaki mwaka mzima.

"Basi tubadilishane gari, mama," akasema Kahiga, na moyo wake ukaruka. Samaki na pikapu pia! Funguo zikapishana mezani, Nekoye akiwa shahidi.

Pikapu ile ilishuka kutoka Mweiga kwa sababu njia ni mteremko. Kupanda lilikuwa jambo jingine. Kabla ya Kiganjo ilikohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Kahiga hakukata tamaa. Aliwaita wapita njia, akawasifia trauti wa mlimani mpaka wakakusanyika, ndipo akafungua boksi la kwanza. Mama mmoja aliyekuwa ameshatoa mfuko aliuliza kama kabichi nayo huliwa kwa vijiti.

Alirudi Nyeri kwa bodaboda, vumbi likiwa limeimeza suti. Aliwakuta wanawake bado wanakunywa chai, na gari lake limeegeshwa vizuri chini ya dirisha. Alianza kueleza. Nekoye akaweka simu mezani, akataja jina la askari mmoja ambaye alikuwa mtu wa kwao. Kahiga akavuta kiti akaketi.

"Gari yako iko salama, kijana," Watiri alimwambia bila hasira. "Siku pikapu yangu itarudi hapa ikitembea, utachukua yako."

"Na kama huna kazi," akaongeza Nekoye, "hizo hadithi za Osaka ni tamu. Hata mimi nilitamani kwenda."

Sasa Kahiga husimama mlangoni akiwa amevaa joho la buluu, na watu hutoka hata Sagana kuja kumsikiliza. Kwa sababu yake hawaogopi tena vijiti. Mkahawa hujaa kila Jumapili baada ya ibada, na Watiri huleta samaki kwa gari dogo jeupe, ambalo kweli limeanza kunuka. Kahiga anakula vizuri, na siku nyingine husahau kwamba yuko kifungoni.

Kila wiki hupita kwa fundi kuulizia pikapu. Fundi hujifuta mikono taratibu na kumwambia avumilie, kwani kifaa kimeagizwa Japani na kinakuja kwa meli. Kahiga, ambaye ameishi kwa uongo tangu ujana, humkazia macho yule fundi kwa muda mrefu, na mpaka leo hajaweza kujua kama anaambiwa kweli.