Buti za Mwanamume Asiyekuwepo

Jumatatu, 2 Machi
Jirani wa chumba cha tatu ameibiwa mchana kweupe. Wamekata nondo za dirisha, wakabeba mpaka pasi. Shangazi kapiga simu: wizi mwingine mmoja tu kwenye nyumba hiyo, nafungasha narudi kwake. Kwake ni kulala chumba kimoja na binamu watatu. Heri wezi.
Nimefikiri. Mwizi anaogopa nini? Mwanaume! Nimeazima buti za kaka, namba arobaini na tano. Nimezipaka matope, nimeziweka mlangoni.

Jumatano, 4 Machi
Mambo yanakwenda. Kila asubuhi nazigeuza buti, zionekane zimevaliwa. Suruali kubwa iko kambani. Fundi cherehani wa mlango wa pili kauliza mbona shemeji haonekani. Nikamwambia ni mlinzi, mchana analala. Kisha nikaingia ndani nikakohoa kwa sauti nzito. Akanipa pole kupitia ukutani.

Alhamisi, 5 Machi
Siku yangu ya mapumziko. Saa nane mchana, kitasa kikacheza. Taratibu. Kikaachwa. Kikacheza tena.
Nikashika mwiko, silaha pekee iliyokuwa karibu. Nikakohoa kikohozi cha mwanaume wa kilo mia.
Kisha sauti ninayoijua tangu utotoni:
“Fungua mlango, mwanangu. Na huyo anayekohoa avae nguo.”
Shangazi! Nyuma yake fundi cherehani, na dawa ya kifua mkononi. Ndiye aliyempongeza Shangazi kwa kupata mkwe.
Wakaingia wote wawili. Shangazi akainama chini ya kitanda, akafungua kabati, akapekua hata nyuma ya pazia. Nikaapa hakuna mtu, ni buti tu. Akasema basi twende akazione hizo buti zinazokohoa.
Tukatoka. Mlangoni palibaki alama mbili za matope.
Zimeibiwa! Sisi watatu tukiwa ndani tunamtafuta mwenyewe.
Shangazi hakugomba. Aliniuliza tu begi langu liko wapi.

Jumamosi, 7 Machi
Kwa Shangazi. Binamu wanakoroma kwa zamu. Nimetafakari sana, na nimeliona kosa langu: sikuzifunga kwa mnyororo.
Nimekagua mlango wa mbele wa hapa. Ndala za kike tupu! Tunajianika kwa wezi. Marehemu mjomba aliacha viatu vikubwa, viko juu ya kabati. Shangazi akienda sokoni, navishusha.
Kikohozi nimeshaanza kukifanyia mazoezi.