Mayai, Chai na Usukani

Jumatatu, 4 Machi
Damu yangu haina chuma cha kutosha. Ya shemeji, mdogo wa mke wangu, vilevile. Sote tunakanda unga kiwandani, sote tunautaka usukani wa gari jipya la mikate, na bosi hampi gari mtu mwenye kizunguzungu. Tutapimwa tena mwisho wa Aprili. Nesi wa kiwanda akaanza kunieleza jinsi protini inavyousaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Alipotamka protini nikaaga. Kichwa chepesi kama changu hakihitaji mhadhara.

Alhamisi, 14 Machi
Mayai ni protini. Basi nakula mayai asubuhi, mchana na jioni, nashushia na chai nzito ya maziwa. Shemeji, anayeishi kwetu, kauliza nesi alisema nini. Nikamwambia kwa upole: maharage na mchicha, nyama vipande viwili vitatu vya kunukishia tu, chai asiiguse, anywe maji. Chakula cha mfungwa! Mke wangu akanisifu kwa kumjali ndugu yake. Niliinamisha uso kwa unyenyekevu.

Jumapili, 31 Machi
Tumbo limefunga. Harufu siisemi. Mke wangu kahamishia mto wake sebuleni. Nikipanda ngazi za ghala naona nyota. Dalili njema: chuma kinaingia, na chuma ni kizito. Nimeongeza mayai. Shemeji anabeba magunia huku anapiga mluzi. Maskini, anajikaza tu.

Jumatatu, 29 Aprili
Shemeji kapita. Mimi nimeshuka kuliko Machi. Nesi aliposikia ninavyokula akashika kichwa. Kumbe nyama, hata kidogo, ndiyo inayosaidia mwili kunyonya chuma cha maharage na mboga. Mayai, maziwa na chai vinakizuia. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba alisema, ila aliuambia mgongo wangu ukitoka mlangoni.

Nimechimba kisima, nimetumbukia mwenyewe, na shemeji kachota maji. Mbele ya wakandaji wote akanishukuru kwa ushauri wangu. Wakapiga makofi. Nililia kidogo. Walidhani ni furaha.

Jumanne, 30 Aprili
Gari la pili linakuja Julai! Nimerudi kwa nesi anieleze upya. Alipofika kwenye nyama nikaaga, niwahi buchani. Nimenunua ini la kutosha ukoo mzima. Mayai basi, chai basi. Nikiwa mlangoni nilimsikia nesi akipaza sauti, anataja kahawa. Wazo zuri. Nitashushia nayo.